Mzee Anaposimama Kujibu Shikamoo

Shikamooni, wazee wangu.

Marahaba hiyo imetoka vizuri, nzito, ya ukumbi mzima. Lakini mmeijibu mkiwa mmekaa. Ningewakuta njiani, mmoja mmoja, ningetazama miguu yenu kabla ya kusikiliza jibu. Kazi yangu ni fiziotherapia, ile ambayo hospitalini watu huiita tu "kwa watu wa mazoezi", na miaka ya kushika magoti na nyonga za watu wazima imenizoeza kuisikiliza shikamoo kwa macho.

Niwape habari ya mama yangu mkubwa, aliyenilea. Alikuwa na mwendo wake. Asubuhi akitoka sokoni, kapu mkononi, baraza zote za mtaa zinamwamkia, naye anajibu bila kupunguza hatua: "Marahaba, hamjambo? Mama yenu kaamkaje? Mwambieni nitapita jioni." Akifika kwenye hilo la jioni ameshapita nyumba tatu, na mwenye kujibu anaujibu mgongo wake. Mwaka mmoja nilirudi nyumbani likizo, tukaenda sokoni pamoja. Mtoto wa jirani akasema shikamoo. Mama mkubwa akasimama. Akaiweka miguu yote miwili sawa, akahamishia kapu mkono wa pili, akasema, "Marahaba, mwanangu," kisha ndipo akaondoka. Hatua ishirini mbele, shikamoo nyingine, akasimama tena. Mimi, ambaye cheti changu kilikuwa kinaning'inia ukutani, nikaona hiyo ni haiba ya utu uzima. Hata nilifurahi. Nikasema moyoni, sasa amekuwa bibi kweli, hana haraka na mtu.

Miezi michache baadaye alianguka uani. Ilikuwa mchana kweupe, sakafu kavu, kati ya jiko na mlango wa chumba chake, mahali alipopita kila siku ya maisha yake ya ndoa. Mkononi alikuwa na bakuli la uji. Mjukuu alimwita kutoka barazani kumuuliza funguo ziko wapi, naye akageuka amjibu. Nyonga ikavunjika. Nilipofika, kila mtu pale nyumbani alinieleza kwamba ameteleza. Nikauliza ameteleza kwenye nini. Kwenye uji, wakasema. Lakini uji ulimwagika kwa sababu alianguka.

Baadaye sana ndipo niliposoma karatasi fupi, isiyozidi kurasa mbili, iliyochapishwa mwaka 1997 katika jarida la tiba la The Lancet. Lillemor Lundin-Olsson na wenzake wawili walikuwa wakifanya kazi na wazee huko Umeå, kaskazini mwa Uswidi. Kipimo chao hakikutaka mashine. Unatembea na mzee, mkiwa katikati ya njia unaanzisha maongezi, na unaangalia jambo moja tu: atasimama ili ajibu, au ataendelea kutembea? Wazee walikuwa 58. Waliosimama walikuwa 12. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Kati ya 46 ambao waliongea huku wakitembea, walioanguka walikuwa 11. Niliposoma nilifunga lile jarida na kukaa kimya muda. Ule mwendo wa sokoni nilikuwa nimeuona kwa macho yangu, nikauita haiba.

Sasa msitoke hapa mkaanza kuwapima wazee wa mtaa kwa salamu. Huku kwetu kusimama ni adabu. Mtu anayekupenda anasimama, anakupa mkono, anauliza watoto, anauliza kuku. Mswidi anayesimama na Mswahili anayesimama hawasemi jambo moja. Kwa hiyo mimi siulizi kama mzee anasimama. Nauliza kama amebadilika: je, huyu ndiye aliyekuwa anajibu huku anakwenda? Hilo daktari hawezi kulijua, kwa sababu daktari hakuwepo. Mnaojua ni nyinyi mnaokaa naye, na muuza mchicha aliye mlangoni pake.

*

Kwa nini kuongea kuzuie kutembea? Mdomo uko huku, miguu iko kule.

Wengi humu mmemwona kuku aliyechinjwa akamponyoka mchinjaji. Kichwa kimebaki chini ya kisu, kuku anakimbia uwanja mzima. Watoto hucheka, wengine hulia. Mwaka 1911 Mskoti mmoja, Thomas Graham Brown, alionyesha kwa paka jambo lenye asili hiyo hiyo: mdundo wa hatua, kushoto, kulia, kushoto, unaweza kupigwa na uti wa mgongo wenyewe, bila amri kutoka kichwani. Basi tungeweza kudhani kutembea ni kazi ya huku chini, na akili haina shughuli nayo.

Lakini mkumbuke yule kuku alikokimbilia. Aliparamia ukuta. Aliingia kwenye karo la maji machafu. Miguu yake ilijua kwenda, haikujua wapi, wala lini isimame, wala namna ya kukiruka kilichoko mbele. Hayo yote yalikuwa kwenye kichwa kilichobaki chini ya kisu. Kwa binadamu shughuli ya kichwa ni kubwa zaidi, maana sisi tulijitakia taabu ya kusimama juu ya miguu miwili, mnara mrefu juu ya msingi mwembamba. Kila hatua ni kuanguka kidogo kunakowahiwa na mguu wa pili.

Ili mguu huo uwahi, ubongo unategemea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo. Uzeeni habari hizo hupungua zote. Macho yanaingia mtoto wa jicho. Sikio la ndani linapoteza chembe zake. Nyayo, hasa kwa mwenye kisukari, zinaingia ganzi, na mtu anatembea kama aliyevaa soksi nene ambazo hawezi kuzivua. Kazi iliyokuwa inajiendesha yenyewe sasa inataka msimamizi, na msimamizi huyo ni sehemu ya mbele ya ubongo, ile ile inayopanga, inayochagua neno, inayokumbuka funguo ziliwekwa wapi.

Naisema hivi, na wagonjwa wangu hunielewa haraka: kijana anatembea bure. Mzee anatozwa nauli. Na nauli anaitoa kwenye mfuko ule ule anaolipia mazungumzo, kubeba uji usimwagike, na kumjibu mjukuu. Balaa ni kwamba mfuko wenyewe nao umeanza kupungua.

Hapo kwenye mfuko ndipo penye kuzeeka kwa akili, na naomba tupaelewe, maana tunapakosea sana. Sisi tunaipima akili ya mzee kwa kauli. Akizungumza vizuri, akikumbuka nani alimuoa nani na mahari ilikuwa ngapi, akitupa methali mahali pake, tunasema bibi bado yuko timamu. Na ni kweli, yuko timamu. Maneno na maarifa ya maisha hudumu sana. Msamiati wa mtu unaweza kuendelea kukua hadi uzeeni. Kinachopungua mapema ni kitu kisicho na sauti: kasi ya kuamua, na uwezo wa kushika mambo mawili kwa pamoja au kuliacha moja na kulirukia jingine papo hapo. Hayo hayasikiki barazani. Yanaonekana kwenye kizingiti.

*

Kipimo nikipendacho kazini ni cha kiti. Mwaka 1991 Diane Podsiadlo na Sandra Richardson wa Kanada walikieleza, na leo kinatumika karibu kila mahali: mtu anainuka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anakaa; wewe unahesabu sekunde. Akifikisha 12 au zaidi unamtazama kwa makini zaidi. Kisha unaweza kurudia kipimo hicho hicho ukimpa kazi ya kichwa njiani. Vitabu hushauri kuhesabu kurudi nyuma kwa kutoa tatu tatu. Mimi sipendi. Mtu wa miaka 78 aliyeacha shule darasa la pili ukimwambia atoe tatu kwenye tisini, humpimi akili. Unamrudishia fimbo za mwalimu. Nawauliza vitu wanavyovijua.

Alikuja mzee mmoja, mvuvi aliyestaafu, amesindikizwa na binti yake. Malalamiko yalikuwa miguu. Mara ya kwanza alimaliza kwa sekunde 11, akakaa, akanitazama kama anayesema, na hili ndilo mliloniitia? Mara ya pili nikamwomba anitajie samaki huku anatembea. Akainuka kwa madaha. "Changu. Tasi. Kolekole." Hatua zikaanza kuwa fupi. "Nguru. Jodari. Pono." Alipofika mahali pa kugeukia akasema, "Na yule..." Mkono ukapanda hewani kumtafuta samaki, na mguu wa kushoto ukabaki nyuma ya wa kulia, kama umesahauliwa pale na mtu mwingine. Nilikuwa nimeshamsogelea, nikamdaka mkanda wa suruali. Ilipita sekunde ya 23.

"Chewa," akasema, angali mikononi mwangu. "Nilikuwa namtafuta chewa."

Binti alishangaa. "Mbona baba anazungumza vizuri tu?" Ndiyo. Na miguu yake ilikuwa mizuri pia. Goti halikuwa na kasoro, msuli wa paja ulikuwa wa mtu aliyevuta jarife miaka 50. Mambo mawili, kila moja zima peke yake, hayakuweza kukaa pamoja.

Nimesema mtu akianguka watu husema ameteleza. Wanasema hivyo kwa sababu hakuna aliyeona, na mwenyewe hakumbuki vizuri. Stephen Robinovitch na wenzake walilitatua hilo kwa kamera. Waliziweka kwenye maeneo ya pamoja ya nyumba mbili za kulelea wazee huko British Columbia, Kanada, wakachapisha matokeo mwaka 2013: maanguko 227 ya wazee 130, yote yamenaswa. Kuteleza kulikuwa asilimia 3. Kujikwaa asilimia 21. Sababu iliyoongoza, asilimia 41, ni mtu kuhamisha uzito wa mwili wake vibaya: anageuka kabla mguu haujawa tayari, anaegemea upande ambao hauna kitu chini yake. Yaani hakuna gamba la ndizi. Kuna hesabu iliyokosewa na kichwa.

Nyumba zile zina sakafu nzuri, nakubali. Huku kwetu kuna maji yaliyomwagwa mlangoni, kuna ndala zilizoisha kisigino, kuna mikeka iliyokunjika ncha, na nadhani kamera zetu zingeonyesha kuteleza kwingi zaidi. Lakini hata ndala si jibu lote. Mjukuu na bibi wanavaa ndala zilizotoka duka moja. Kinachowatofautisha ni ule muda ulio chini ya sekunde moja baada ya mguu kukosea: mjukuu ameshatupa hatua ya kujiokoa na mikono imeshatangulia. Ndiyo maana mwenye miaka 55 akianguka mara nyingi huvunjika kifundo cha mkono, na mwenye miaka 80 huvunjika nyonga. Mikono yake haikuwahi. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka bali ni kwenda mbele. Nawaheshimu, lakini waliosema hivyo hawakuwa na miaka 80.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka watu 684,000 hufa kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa hivyo ni wazee. Namba hiyo haiuzi gazeti. Ajali ya basi inatangazwa. Bibi aliyeanguka chooni anazikwa na kusemwa kwamba siku zake zilifika.

*

Niliposema mzee anasimama ili ajibu, huenda mmedhani kusimama ndiyo ubaya. Hapana, na hapa naomba subira yenu kidogo, maana hata wanafunzi wangu hupotea. Kusimama ni busara ya mwili. Mwili umepiga hesabu, umeona hela hazitoshi kulipia vyote viwili, ukachagua miguu kwanza na mdomo baadaye. Wazee wengi wenye afya hufanya hivyo bila kujua. Lakini hali hiyo hiyo inatuambia mfuko umefika chini, na dunia haimpi mtu nafasi ya kusimama kila mara: bodaboda inapiga honi nyuma yake, mbuzi anakatiza, mjukuu anaita.

Anayenitia hofu zaidi ni yule asiyesimama. Mwendo umeshavurugika, hatua moja ndefu moja fupi, naye anaendelea kusimulia, anageuza shingo kukutazama, ameinua bakora kuonyesha shamba lilikokuwa. Tunaliona hilo kwa baadhi ya wenye ugonjwa wa Parkinson, na kwa wenye demensia, huu tunaouita ugonjwa wa kusahau. Si usahaulifu tu. Aliyepotea ni mhasibu, yule wa kumwambia kwamba hela zimekwisha. Kati ya watu wa miaka 65 na zaidi, kama thuluthi moja huanguka ndani ya mwaka. Kwa wenye demensia hatari hiyo ni kama mara mbili.

Msidhani demensia ni ya Ulaya. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walizunguka vijijini, na mwaka 2013 wakachapisha kwamba kati ya watu wa miaka 70 na zaidi, asilimia 6.4 walikuwa nayo. Wengi hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote. Napenda namna walivyotengeneza kipimo chao baadaye. Vipimo vya kigeni humpa mzee kalamu achore. Hawa wakaona wazee wengi hawakushika kalamu maishani, wakawapa njiti za kiberiti wapange umbo waliloonyeshwa. Pia walimwomba mzee ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Mvuvi wangu na samaki wake hawako mbali na hapo.

Na mwendo wenyewe hutangulia kutoa habari. Joe Verghese, daktari wa New York, aliunganisha mambo mawili ambayo kliniki huyaandika kwenye mafaili tofauti: mzee anayelalamika kwamba kumbukumbu inamponyoka, na ambaye mwendo wake umekuwa wa polepole kuliko wa rika lake, lakini bado hana demensia. Mwaka 2014 yeye na wenzake walikusanya takwimu za watu 26,802 katika nchi 17, wakakuta karibu mmoja kati ya kumi yuko katika hali hiyo. Hao ndio wanaoelekea demensia kwa wingi kuliko wenzao. Kwa hiyo mzee akianza kubaki nyuma mkienda msikitini au kanisani, msimsubiri tu kwa heshima. Msubirini, na mjiulize.

Moja ya sababu za mwendo kuzorota zinazoweza kuzuilika ni presha. Ndani ya ubongo kuna nyuzi nyeupe zinazounganisha sehemu ya mbele na zile zinazoendesha miguu. Zinalishwa na mishipa midogo sana ya damu. Presha isiyotibiwa kwa miaka 20 inaichakaza mishipa hiyo kimya kimya, bila kiharusi cha kuonekana, na ujumbe unaanza kuchelewa njiani. Mtu mwenye miaka 45 aliye humu, anayemeza dawa za presha siku anazosikia kichwa tu, leo anaamua atakavyotembea akiwa na miaka 75.

*

Turudi nyumbani, maana huko ndiko mzee anakoangukia.

Jambo la kwanza ambalo ningeomba liachwe ni ukelele. "Bibi, angalia! Bibi, utaanguka!" Tunapiga kelele kwa upendo. Lakini fikirini tulichofanya: bibi yuko katikati ya hatua, amebeba kitu, anatumia senti yake ya mwisho kuuvusha mguu juu ya kizingiti, nasi tunamtupia swali la kujibu. Sauti inamgeuza shingo, shingo inageuza bega, bega linahamisha uzito. Yule mjukuu wa nyumbani kwetu alidhani ameuliza funguo tu. Mpaka leo sijamwambia, na sitamwambia. Ukiona mzee yuko katika hatua ngumu, nyamaza na umfuate. Mkaribie kwa upande anaokuona, umpe mkono. Maneno yasubiri.

La pili ni kinyume chake, na linatoka kwa wale wale wenye upendo. Bibi ameanguka mara moja, sasa nyumba nzima imeamua asifanye kitu. "Kaa tu bibi, tutakuletea." Anakaa. Anaogopa, na sisi tunaulea woga wake. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani siku 10 wazee wenye afya njema. Wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10! Bibi yetu tumemkalisha tangu Mfungo Mosi. Tena ubongo usiotembea nao unasahau kutembea, na nauli inazidi kupanda. Mpeni kazi: kuchambua mchele ni kazi, lakini ni ya kukaa; mwacheni pia afuate ungo mwenyewe, pasipo haraka, asibebe kitu cha moto, na mlango uwe na mwanga.

Nazungumzia dawa kwa kifupi kwa kuwa si fani yangu, ila naona matokeo yake. Kuna vidonge vya usingizi, na kuna vile vya mafua ambavyo karibu kila nyumba huviita piritoni. Mzee halali usiku, anapewa viwili. Usingizi unakuja, na saa nane anaamka kwenda haja ndogo akiwa nusu yuko macho. Choo kiko nje, mkono mmoja umeshika tochi, mwingine umeshika kanga, hakuna mkono wa kushika ukuta. Anachuchumaa, anainuka, damu inachelewa kufika kichwani. Nikiwa na uwezo wa kuamrisha jambo moja katika nchi hii, ningeamrisha kila choo kiwe na bomba la chuma lililokazwa ukutani, usawa wa kiuno. Fundi anamaliza kazi hiyo asubuhi moja.

*

Mazoezi yapo, na yanafanya kazi. Lakini nimechoka kuwapa wazee karatasi yenye picha za mzungu anayeinua mguu. Wanaikunja, wanaiweka chini ya godoro, miezi mitatu baadaye wananiambia wanaendelea vizuri. Ikiwa ugumu ni kushika mambo mawili, basi zoezi liwe la mambo mawili.

Geneva, Uswisi, walijaribu hivyo kwa watu 134 wenye umri unaozidi miaka 65. Mara moja kwa wiki, saa moja, kwa miezi 6, kundi la kwanza lilitembea likifuata piano, la pili likisubiri zamu yake. Mpigaji akiharakisha, nao waharakishe. Akibadilisha mdundo, nao wabadilishe hatua. Huku wakishika au kupokezana vitu. Njia yenyewe ni ya zamani, ilianzishwa na mwanamuziki Émile Jaques-Dalcroze kwa ajili ya wanafunzi wa muziki. Ilipochapishwa mwaka 2011, matokeo yalionyesha kwamba waliofanya zoezi walianguka kwa kiasi cha nusu tu ya wenzao ambao walikuwa hawajaanza.

Nilisoma hayo nikacheka peke yangu. Mguu unaosikiliza, mkono wenye kazi yake, sikio linalosubiri ngoma igeuke: mnawakumbuka bibi zetu na lelemama? Mstari mmoja, hatua ndogo, mabega yametulia, mikono inazungumza, na ole wako ukikosea zamu mbele ya wenzako. Sisemi lelemama ni dawa iliyopimwa. Nasema nina wazee 14 kila Jumatano nyuma ya kliniki, wanaume wakijifanya wamekuja kusindikiza, na tangu tulete ngoma sijatafuta mtu nyumbani kwake kumuuliza kwa nini hakuja. Yule mvuvi naye yumo. Anashika ukuta kwa mkono mmoja na kuwapangia wanawake hatua, na hakuna aliyemwomba.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali tutayachukua nje, kwenye kahawa, mkiwa mmekaa. Mlango mtakaotokea una vidato vitatu, na cha mwisho kimezidi urefu kuliko viwili vya juu. Nilijikwaa hapo mwenyewe wakati naingia. Tumeshaomba taa ya pale iwashwe. Vijana, simameni pembeni ya vidato, mkono tayari, na tafadhali msiwaamkie wazee mpaka wamefika chini.